Baba mkwe alivyowakagua ng'ombe wa mahari kupitia eksirei ya mguu wake

Wakuu, wakubwa shikamooni, wadogo mniamkie.

Juzi nimeona uzi wa kijana mmoja anauliza kama inalipa kununua TV ya 3D ya mtumba kwa ajili ya nyumbani. Watu wakamjibu kwamba hayo mambo yameshapitwa. Nikacheka peke yangu mpaka mama watoto akaniuliza nimeona nini.

Mimi nilitengeneza 3D mkoani Mara, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Vifaa vilikuwa kamera ya mkanda, baiskeli na vipande vya eksirei. Na niliitengeneza kwa sababu moja tu: nilitaka kuoa.

Siongezi chumvi. Mama watoto mwenyewe yumo humu jukwaani kwa jina lingine, nikidanganya atanikosoa hapa hapa mbele yenu. Majina tu ndiyo nimebadili.

Twende taratibu.

Kwa ambao hamkuwepo: miaka ya themanini tulipanga foleni ya sukari, ya sabuni, hata ya kibiriti. Halafu ikaja ruksa, biashara ikafunguliwa. Vitu vikaanza kumiminika kupitia mpaka wa Sirari, na mtu wa kawaida wa Musoma akaweza kumiliki deki ya video.

Mimi kwetu ni Murangi, familia ya samaki na mihogo. Lakini ziwa na mimi hatukuelewana, natapika hata kwenye mtumbwi uliofungwa. Nikahamia mjini, nikafungua kibanda cha video pale Iringo. Baadaye nikapata kamera kuukuu, ile ya kubeba begani mpaka shingo inapinda, nikawa narekodi harusi na misiba.

Kituo cha televisheni huku bara hakikuwepo bado. TV ilikuwa ya kuangalizia kanda, basi.

Sasa, siku moja nimekaa kibandani mchana, hakuna wateja. Nimevaa miwani yangu ya jua ambayo rafiki yangu aliikalia, kioo cha kulia kikadondoka, kikabaki cha kushoto tu. Niliivaa kwa utani.

Kwenye TV nilikuwa nimeweka mkanda wangu mwenyewe, niliorekodi nikiwa nyuma ya pickup tukitoka Murangi kuja mjini. Kamera ilikuwa inatazama ubavuni, miti na mawe yanapita.

Ghafla yale mawe makubwa ya kwetu yakasogea mbele. Nyumba zikabaki nyuma yake, na ziwa likaenda mbali kabisa. Nikavua miwani, picha ikarudi kuwa bapa. Nikavaa, ikafunguka tena.

Nilidhani ni malaria inaanza.

Nikaigeuza miwani juu chini, kioo cheusi kikaja jicho la kulia. Hapo ndiyo vikawa vituko: mawe yalizama nyuma, nyumba zikaja mbele ya mawe. Dunia imegeuzwa kama shati.

Shikeni hilo la kugeuka, mbele huko litahitajika.

Siku hizi nimesoma mtandaoni nikaelewa. Jicho lililofunikwa giza linapeleka habari ubongoni kwa kuchelewa kidogo. Kama picha inapita kwa ubavu, kila jicho linaona kitu mahali tofauti kidogo, na ubongo unadhani huo ndio umbali. Vya karibu vinapita haraka, vya mbali vinapita polepole, kwa hiyo kila kimoja kinapata kina chake. Ukikosea jicho, kina kinageuka. Ndiyo hivyo tu, hakuna uchawi.

Wakati ule sikujua lolote. Nilijua tu kwamba inafanya kazi.

Sasa nije kwenye ndoa.

Nilikuwa na mchumba, Nyangeta, mwalimu, kwao Bunda, pale Manyamanyama. Tulikuwa tumeshakubaliana, wazazi wameshasalimiana, mahari imeshapangwa. Ng'ombe walikuwepo, wanafugwa kwa baba yangu mdogo, Majura, upande wa Butiama.

Kilichobaki ni baba yake, Mzee Magesa, kuwaona ng'ombe.

Na hapo ndipo mambo yalipokwama. Kwanza karantini: ugonjwa wa miguu na midomo uliingia, ikapigwa marufuku kuhamisha mifugo. Ng'ombe wasingeweza kuletwa Bunda. Pili, mzee mwenyewe alikuwa amelala na mguu kwenye plasta, kwa hiyo naye asingeweza kwenda Butiama.

Mnaweza kusema, si atume ndugu zake wakague? Ndiyo kawaida. Lakini mzee alikuwa hasemi vizuri na ndugu zake, na sababu ni huo huo mguu.

Mzee Magesa alikuwa mzee wa kanisa, tena lile la watu ambao pombe hata harufu yake hawataki. Jioni moja alikuwa anavuka barabara kuu pale Bunda, akitokea kwenye sherehe ya jirani. Baiskeli yenye gunia la dagaa ikamgonga, mguu ukavunjika.

Walioona walisema aliingia barabarani mwenyewe, baiskeli imeshafika, na jua bado linawaka. Yeye akawa anasema kitu kimoja tu: ile baiskeli ilikuwa mbali.

Watu wakajumlisha. Ametoka kwenye sherehe, haoni baiskeli iliyo mbele ya pua yake, basi mzee kanywa. Wakaongeza na mengine, kwamba siku hizi anajikwaa kwenye ngazi za kanisa, kwamba akimiminiwa chai anasogeza kikombe pembeni ya birika. Mtu wa kwanza kulisema hilo hadharani alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, Baba Neema, ambaye naye ni mzee wa kanisa hilo hilo. Mzee Magesa akavuliwa uzee wa kanisa akiwa bado kitandani.

Iliniuma, wakuu. Nyangeta alikuwa ananisimulia huku analia. Alisema baba yake hakuwahi kuonja hata togwa iliyolala.

Kwa hiyo mzee akaapa: ng'ombe wa binti yake hawatakaguliwa na watu wanaomwita mlevi. Atawaona kwa macho yake au hakuna harusi.

Na muda ulikuwa hauko upande wetu. Nyangeta alikuwa amepata barua ya uhamisho kwenda Lindi. Mwalimu mwenye ndoa aliweza kuomba abaki karibu na mume wake. Mchumba tu, nani atakusikiliza? Nikiangalia ramani, kutoka Musoma mpaka Lindi, nilikuwa naona nimeshampoteza.

Nikapiga picha za ng'ombe, nikazisafisha, nikazipeleka Manyamanyama. Mzee alizipokea, akaziangalia moja moja, akazipanga vizuri na kunirudishia.

"Kijana wa Murangi, hii ni karatasi. Ng'ombe ana mbavu, ana mgongo, ana kifua. Mimi nawajuaga ng'ombe kwa unene wao. Hapa unene uko wapi?"

Nilirudi Musoma nimenyong'onyea. Nimefika hadi kibandani, nimekaa, ndipo nikaiona ile miwani yangu ya kioo kimoja juu ya deki.

Unene uko wapi? Kumbe ninao.

Nikaenda Butiama kwa baba mdogo. Nikamweleza kwamba kamera lazima isafiri kwa ubavu, pole pole, bila kutikisika. Nikitembea kwa miguu picha inaruka. Tukajaribu baiskeli yake: yeye anaendesha, mimi nimekaa kwenye keria kwa upande na kamera begani, miguu yote inaning'inia kushoto.

Mnajua nani anakaaga hivyo kwenye baiskeli. Kina mama waliokuwa wanatoka kisimani walituona, wakaweka ndoo chini ili wacheke vizuri. Mmoja akauliza bibi harusi anapelekwa wapi.

Nikakausha. Mwenye shida hana aibu.

Ng'ombe walikuwa wamesimama mbele ya ua wa minyaa, na nyuma ya minyaa kilima. Tulipita, tukarudi kwa miguu, tukapita tena, kila mara kuelekea upande ule ule, ili kwenye picha ng'ombe wapite kutoka kulia kwenda kushoto. Nilishajua nikichanganya pande, kina kitageuka.

Asubuhi hiyo baba mdogo aliwapa ng'ombe magadi, halafu maji mengi. Sikuuliza kwa nini. Alikuwa anatabasamu tu.

Kwa miwani, nilichukua boksi la sabuni, nikakata fremu kadhaa. Jicho la kulia niliacha wazi. La kushoto nikabandika kipande cha eksirei ya zamani niliyopewa na jirani, sehemu yenye ukijivu, maana ile nyeusi tii huoni hata jua. Nikajaribu kibandani. Ng'ombe walitoka kwenye kioo, nikaona mpaka nundu ilivyokaa.

Jumapili baada ya ibada mimi na baba mdogo tukawa Manyamanyama. TV tumeizungushia godoro juu ya basi, jenereta tumeazima, na zawadi ya kambale wakavu kwa mama mkwe.

Mablanketi yakatundikwa madirishani. Mzee aliwekwa kwenye kiti, mguu juu ya stuli. Baba Neema alikuja pia na ndugu kadhaa, maana habari ya ng'ombe wanaotoka kwenye TV hakuna ndugu anayesusia. Mama mkwe alikaa mlango wa ndani. Mimi, kwa heshima ya ukwe, nilijificha nyuma ya TV kama fundi. Picha siioni, ila sura za watu wote naziona.

Nikawasha.

Wengine walivaa miwani, na mara moja nikaona vichwa vinarudi nyuma. Mama mkwe alimtaja Yesu kwa sauti ndogo. Baba Neema alinyoosha mkono kama mtu anayetaka kushika pembe, halafu akaurudisha kabla hajaonekana.

Mzee Magesa alikuwa wa mwisho. Akavaa miwani. Akavua. Akavaa. Akavua tena, akakaa nayo mkononi.

"Kijana," akasema, "nikivaa hii miwani yako, ni picha kama ya kalenda. Nikivua, ng'ombe wako nyuma ya minyaa. Kama wameingia kilimani. Hawa umewapigia wapi?"



Baba Neema akakohoa. "Kaka, leo Jumapili jamani," akasema taratibu.

Kila mtu alielewa maana yake: mzee kanywa hata leo. Mzee alishusha macho kwenye plasta yake. Nyangeta alikuwa amesimama ukutani, nikamwona anang'ata ncha ya khanga.

Baba mdogo akainama nyuma ya TV, akaninong'oneza, "Huyu anatukataa kistaarabu. Tufunge vitu vyetu."

Hata mimi nilidhani hivyo kwa muda.

Lakini neno moja lilinikaa. Mtu anayetaka kutukataa angesema tu haoni kitu. Mzee alisema ng'ombe wako nyuma ya minyaa. Huo uongo mtu asingeweza kuutunga, kwa sababu mimi mwenyewe nilishauona, siku ile nilipoweka giza jicho la kulia na mawe yakazama nyuma ya nyumba.

Ila yeye alikuwa anauona bila miwani.

Nikatoka nyuma ya TV, nikasahau hata ukwe. Nikapiga goti pembeni ya kiti.

"Baba, naomba ufumbe jicho la kushoto. Utazame kwa la kulia peke yake."

Akafumba. Akakaa. Akageuza uso dirishani, akarudi kwenye TV.

"Kuna ukungu," akasema. "Kama maziwa yamemwagikia. Si ndiyo uzee?"

"Na la kushoto?"

"La kushoto liko safi. Mbona hata Biblia nasomaga nalo?"

Wakuu, hapo nikaelewa. Jicho la kulia la mzee lilikuwa na giza lake lenyewe. Bila miwani, alikuwa anaona kinyume. Akivaa miwani yangu, jicho la kushoto nalo linapata giza, macho yanalingana, picha inakuwa bapa. Alichosema kilikuwa kweli tupu, mwanzo mpaka mwisho.

Dawa yake ilikuwa moja: giza la kushoto lizidi la kulia. Lakini eksirei yangu yote nilishaimaliza kwenye miwani.

Nyangeta akaingia chumbani, akatoka na bahasha kubwa ya hospitali aliyoitoa chini ya godoro. Eksirei ya mguu wa baba yake.

Nikajaribu pembeni penye weusi, mzee akasema amefunikwa gunia. Nikaisogeza mpaka pale panapoonekana nyama ya mguu, ule ukijivu kandokando ya mfupa. Nikaishika juu ya miwani, kwenye jicho la kushoto. Baba mdogo akarudisha mkanda mwanzo.

Mzee alimtazama ng'ombe wa kwanza akipita. Halafu akaanza kuinama mbele, taratibu, mpaka ikabidi nimfuate na ile eksirei.

"Huyu mwenye baka jeupe ana kifua," akasema.

Nyangeta alijifunika uso na khanga.

"Na huyu mwekundu, mgongo umenyooka. Huyu dume nampenda." Akanyoosha kidole kwenye TV. "Huyu wa mwisho hapana. Hilo tumbo ni maji. Majura, huyu ulimnywesha asubuhi."

Baba mdogo aliangalia dari kama mtu anayehesabu mabati. Watu walicheka mpaka mama mkwe akasahau kujificha.

Mzee yeye hakucheka. Alichukua miwani moja, akaigeuza juu chini kama nilivyomwelekeza, giza likaja jicho la kulia. Akampa mdogo wake.

"Vaa. Uone ninavyoonaga mimi."

Baba Neema akavaa. Tuliona sura yake inabadilika.

"Wanarudi nyuma," akasema. "Kaka, wanaenda mbali."

"Wanapita wakitokea upande gani?"

"Kulia. Wanaenda kushoto."

"Na ile baiskeli ilitokea wapi?"

Wakuu, wote tunajua tunaendesha kushoto. Ukisimama kandokando ya barabara, kinachopita karibu yako kinatokea kulia.

Baba Neema hakuvua miwani. Aliendelea kutazama TV, ng'ombe wanapita, na chini ya lile boksi la sabuni tukaona machozi yanashuka.

"Ulisema ilikuwa mbali," akasema. "Ulisemaga kila siku, kaka. Kila siku ulisemaga."

Mzee alinyoosha mkono akamshika begani. Mimi nilikwenda nje kuangalia jenereta ambalo halikuwa na tatizo lolote.

Niliporudi, mzee aliniita. Mara hii hakusema kijana wa Murangi.

"Mkwe," akasema, "mbadilishe yule mwenye tumbo. Wengine nimewapokea."

Yaliyofuata nafupisha. Baba Neema aliomba abaki na miwani, na kikao cha wazee wa kanisa kilipokaa alikwenda nayo, na deki yangu, na TV yangu, na mimi fundi nyuma yake. Kila mzee alivaa, giza likiwa jicho la kulia. Hakuna aliyebishana. Mzee Magesa alirudishiwa nafasi yake hata kabla ya plasta kutolewa.

Daktari alisema ni mtoto wa jicho, ameota upande mmoja, na kwa kuwa la pili lilikuwa zima, mwenyewe hakugundua. Baadaye alifanyiwa upasuaji Mwanza.

Karantini ilipofunguliwa ng'ombe wakaenda Bunda kwa miguu yao, akiwemo mbadala wa yule wa maji. Lindi akapelekwa mwalimu mwingine. Nyangeta ndiye huyo mama watoto, na sasa hivi ninapoandika ananiambia nimesahau kusema kwamba pale kwenye jenereta nililia karibu nusu saa. Haya, nimesema.

Mzee alipopona jicho aliomba tena ule mkanda, autazame bila miwani. Akaona bapa kama sisi wote. Akabaki ameushika mkononi, akasema, "Sasa naona kama mnavyoona. Ila nilipokuwa naona tofauti, hakuna aliyeniuliza naona nini. Walininusa mdomo tu."

Alishapumzika, Mungu amrehemu. Eksirei tunayo. Iko kwenye bahasha ile ile, juu ya kabati.

Funzo langu halihusu TV. Mzazi wako akianza kujikwaa ngazini, akikosea kikombe, akisema baiskeli ilikuwa mbali, usikimbilie kumnusa mdomo. Mfumbe jicho moja, umuulize anaona nini, halafu umuamini.

Na kijana wa TV ya 3D: tafuta miwani ya jua iliyovunjika kioo kimoja, weka video iliyopigwa kwenye dirisha la gari, ujaribu jicho moja kisha la pili. Ukiona kitu, rudi hapa utuambie. Na kama una mzee nyumbani, mpe naye aangalie. Nipo, nasoma kila comment.